Kope Iliyogeuka: Historia ya Jicho Jekundu Usukumani

Kovu likiivuta kope ya chini, kope hugeuka nje. Utando wake wa ndani, ambao kwa kawaida haufiki hewani hata siku moja, hubaki wazi kwa upepo, vumbi na moshi. Huvimba, huwa mwekundu, hukakamaa. Machozi hukosa njia ya kushuka puani, yakatiririka shavuni mchana na usiku. Mwenye jicho hilo hafumbi vizuri hata akilala.

Kwingi duniani mtu wa namna hiyo huitwa mgonjwa. Shinyanga na Geita, katika Usukumani, nchi ya Wasukuma kaskazini magharibi mwa Tanzania, kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita na hadi miaka ya karibuni, mtu huyo akiwa mwanamke, tena mjane, tena mzee, aliweza kuitwa mchawi, na kuitwa hivyo kulitosha kumtoa uhai. Matabibu walikuwa wamelielewa jicho hilo tangu kale na wakajifunza kulirekebisha. Kijijini likaendelea kusomwa kama ushahidi. Maarifa ya tabibu yalichelewa mno kufika jikoni kwa bibi, na kuchelewa huko kuna sababu zake katika ardhi, siasa na riziki ya Usukumani.

Kovu hufanya nini

Ngozi ya kope ndiyo nyembamba kuliko zote mwilini. Haina akiba. Kidonda kikipona juu ya kope au juu ya shavu, kovu husinyaa kama ngozi ya ng'ombe iliyoanikwa juani, na kwa kuwa kope ni laini na shavu ni zito, kinachokubali kuvutwa ni kope. Ndiyo maana hata jeraha lililo chini kabisa ya jicho, karibu na pua au mfupa wa shavu, laweza kuigeuza kope ambayo yenyewe haikuguswa.

Trakoma, ugonjwa ambao wengi wanaujua kwa jina la vikope, hufanya kinyume chake. Hapo kovu hukaa upande wa ndani wa kope, likavuta ukingo kuelekea ndani, nywele za kope zikawa zinakwaruza kioo cha jicho. Tanzania inaujua sana ugonjwa huo, hasa Kongwa mkoani Dodoma, ambako utafiti wa miaka ya 1980 na 1990 kuhusu kunawa uso ulisaidia kujenga mpango wa kupambana na trakoma duniani. Kwa hiyo kovu la ndani huigeuza kope ndani na kovu la nje huigeuza nje, lakini mwisho wa yote mawili yakiachwa ni mmoja: kioo cha jicho hupata vidonda, huwa cheupe, na mtu hupofuka.

Usukumani kovu la nje lina asili nyingi. Mtoto huangukia mafigani. Mwenye kifafa huangukia moto akiwa peke yake nyumbani. Mfugaji aliyechuna ng'ombe aliyekufa kwa kimeta hupata kidonda cheusi kwenye kope, na kikidondoka huacha pengo linalojivuta. Ukoma nao huilegeza kope kwa kuua mshipa wa fahamu wa uso, jambo lililo tofauti na kovu ingawa kwa jirani aliye nje ya ua huonekana lile lile.

Kwa wazee iko njia ya polepole zaidi. Umri hulegeza kope. Moshi huleta machozi, machozi huichubua ngozi ya shavu, mkono hufuta kwa kuvuta chini, tena na tena, miaka kumi, ishirini. Ngozi iliyochubuka hivyo hukakamaa na kufupika, kope ikazidi kushuka. Si kila jicho jekundu la bibi limegeuka kope, na mengi yamewashwa tu na moshi. Lakini lililogeuka ndilo jekundu kuliko yote, na halifichiki.

Roma, Baghdad na Glasgow

Katika karne ya kwanza, Mroma Celsus aliandika kwamba kope iliyovutwa na kovu ikatwe chini yake kwa umbo la mwezi mchanga, ncha zikielekea taya, kisha kidonda kitiwe kitambaa kisije kikafunga upesi. Alikuwa ameelewa chanzo. Alichokosa ni kitu cha kuliziba pengo, kwa hiyo kidonda kilipona kwa kovu jipya na kope ikavutwa tena.

Miaka elfu moja baadaye, huko Baghdad, Ali ibn Isa alikusanya katika kitabu chake maradhi ya macho yapatayo 130. Kope fupi na kope iliyogeuka zimo, pamoja na sababu zake, na kitabu hicho kilisomwa na matabibu wa macho wa Kiislamu na wa Ulaya kwa karne nyingi. Hata hivyo tatizo la Celsus lilibaki pale pale.

Lilianza kutatuliwa karne ya 19. Madaktari wa Ujerumani walijifunza kugeuza kipande cha ngozi ya jirani, kutoka panda la uso au shavu, kikiwa bado kimeshikamana na mwili, wakaziba nacho. Kisha Jacques Reverdin mwaka 1869 alionyesha Paris kwamba vipande vidogo vya ngozi vilivyotengwa kabisa vyaweza kuota mahali pengine. Mwaka 1875 daktari wa macho wa Glasgow, John Reissberg Wolfe, akaeleza jinsi alivyoirekebisha kope ya chini kwa ngozi nzima ya mkono, baada ya kuiondolea mafuta yote kwa chini. Ngozi ikashika. Hapo ndipo kope iliyogeuzwa na kovu ilipopata tiba ya kweli: unalikata kovu, unairudisha kope mahali pake, unalijaza pengo kwa ngozi inayofanana nayo. Kanuni hiyo haijabadilika hadi leo.

Nzi, miti na jiko: 1913 hadi 1950

Mwaka 1913, Tanganyika ikiwa bado chini ya Wajerumani, wamisionari wa Africa Inland Mission walianza kazi Kolandoto, kilomita chache kutoka Shinyanga mjini. Daktari Nina Maynard alitibu hapo kwa miongo kadhaa, na pakakua hospitali na makazi ya wagonjwa wa ukoma. Kwa watu wengi wa Usukumani hapo palikuwa mahali pa kwanza ambapo jicho bovu lilitazamwa kama jicho bovu tu.

Miaka hiyo hiyo kulitokea jambo ambalo hakuna aliyeliona kuwa lina uhusiano na macho. Mbung'o walikuwa wanaua ng'ombe na kuleta malale. Serikali ya Waingereza, kupitia Charles Swynnerton, ambaye baadaye aliongoza utafiti wa mbung'o akiwa Shinyanga hadi alipokufa katika ajali ya ndege mwaka 1938, iliamini kwamba dawa ni kuondoa vichaka anamoishi nzi. Kuanzia miaka ya 1920 watemi, yaani machifu wa Kisukuma, waliwatoa watu kwa maelfu wakafyeka pori. Mbung'o alirudi nyuma, mifugo ikaongezeka, pamba ikafuata ikachukua mashamba zaidi. Ulikuwa ushindi halisi dhidi ya ugonjwa, na sioni haki ya kuwabeza waliofanya kazi ile.

Ila miti iliyoondoka ilikuwa pia kuni. Kadiri pori lilivyosogea mbali, wanawake walianza kupikia kilichobaki karibu: mabua ya mtama na pamba, na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa. Moshi wa kinyesi ni mzito na mkali, na jiko lilikuwa ndani ya nyumba isiyo na dirisha la maana. Aliyekaa karibu na moto huo tangu usichana hadi uzee alikuwa mwanamke. Mume alikuwa machungani au kwenye baraza.

Mwaka 1922 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya uchawi, ikaibadilisha mwaka 1928. Sheria ile iliadhibu anayejifanya mchawi na pia anayemtaja mwenzake kuwa mchawi. Haikugusa swali la kwa nini macho ya bibi ni mekundu, na kwa kweli hakuna sheria inayoweza kuligusa.

Kope za wanamaji na mlima Kilimanjaro: 1916 hadi 1957

Wakati pori la Shinyanga linafyekwa, upasuaji wa kope ulikuwa umepiga hatua kutokana na moto wa vita. Mei 31, 1916, katika vita vya majini vya Jutland, mwanamaji Mwingereza Walter Yeo aliunguzwa uso akapoteza kope za juu na za chini. Mwaka uliofuata Harold Gillies, daktari aliyezaliwa New Zealand, alimwekea ngozi kutoka kifuani, akamjengea uso upya. Vita ya pili ya dunia ilileta marubani walioungua ndani ya ndege zao, na binamu yake Gillies, Archibald McIndoe, aliwapokea East Grinstead. McIndoe alisisitiza kope zishughulikiwe mapema, kwa kuwa rubani asiyeweza kufumba macho angepofuka kabla uso wake haujapona.

McIndoe alikuwa na shamba Tanganyika, karibu na mlima Kilimanjaro. Huko alikutana tena na Michael Wood, daktari wa upasuaji aliyeishi Nairobi, pamoja na Mmarekani Tom Rees, wote wawili wakiwa wamepitia mikononi mwake kwa mafunzo. Walichokiona mashambani na katika hospitali za misheni ni majeraha ya moto, makovu yaliyofunga viungo na nyuso zilizoharibika, kwa watu ambao hawangeweza kabisa kumfikia daktari bingwa. Wakaamua daktari ndiye asafiri. Mwaka 1957 wakaanzisha shirika ambalo leo ni Amref, maarufu kwa Madaktari Warukao. Kwa hiyo ufundi uliotengenezwa kwa nyuso za wanamaji na marubani ulifika Afrika Mashariki ndani ya ndege ndogo, na ulifika mapema kuliko wengi wanavyodhani. Lakini ndege haitui kila kijiji, na bibi wa Usukumani alikuwa bado hajapewa sababu ya kuamini kwamba jicho lake linatibika.

Miaka ya mapanga: 1970 hadi 1988

Baada ya uhuru hospitali kubwa ziliongezeka. Mwaka 1971 zilifunguliwa KCMC mjini Moshi na Bugando mjini Mwanza, na KCMC ikawa kituo cha kuwafunza madaktari na wasaidizi wa macho. Kwa mkaaji wa Shinyanga, Bugando ilikuwa safari ya siku moja tu.

Miaka ile ile ndiyo mauaji ya vikongwe yalipopamba moto. Takwimu za serikali za mwaka 1970 hadi 1984 zilionyesha matukio 3,333 Tanzania Bara, watu 3,693 wakiuawa kwa tuhuma za uchawi. Kati yao 2,246 waliuawa Usukumani, na wanawake walikuwa 1,868. Tukiwaweka kwenye kalenda, ni zaidi ya wanawake wawili kila juma, kwa miaka kumi na mitano, katika eneo moja la nchi.

Mtiririko ulikuwa unajulikana. Mtoto anakufa, au ng'ombe, au biashara inakwama. Familia inakwenda kwa mganga wa kienyeji. Mganga anapiga ramli, hataji jina, anatoa dalili: ni mwanamke, mzee, yuko karibu, macho yake mekundu. Wauaji wa kukodiwa wanakuja usiku na mapanga. Mara nyingi nyuma ya yote palikuwa na shamba la mjane au ng'ombe ambao ndugu wa marehemu mume waliwataka. Mtafiti Simeon Mesaki, aliyeuchunguza msiba huu kwa kina, alionyesha pia mchango wa operesheni ya vijiji ya mwaka 1974: watu waliozoea kukaa mbalimbali kila mmoja na mji wake walisogezwa wakawa ukuta kwa ukuta, na ugomvi uliokuwa ukipoa kwa umbali ukakosa nafasi ya kupoa.

Serikali ilijaribu kutumia nguvu. Mwaka 1976 vyombo vya usalama viliendesha msako mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Washukiwa waliteswa mahabusu na baadhi wakafa. Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kuwajibika kwa vitendo vya walio chini yake, na baadaye baadhi ya maofisa walifikishwa mahakamani wakafungwa. Watanzania wanaikumbuka hatua ile kama mfano wa uwajibikaji, na inastahili. Ni wachache wanaokumbuka kwamba msako wenyewe ulihusu mauaji ya vikongwe, na kwamba uliposimama mauaji hayakusimama.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wananchi wa Shinyanga na Kahama waliunda sungusungu, makundi yao wenyewe ya ulinzi. Wizi wa ng'ombe ulipungua sana, lakini baadhi ya makundi hayo yaliwasaka na kuwafukuza wanaodhaniwa wachawi pia. Mwaka 1988 kamati iliyoongozwa na Gertrude Mongella, mwenyewe mzaliwa wa Ukerewe, ilichunguza mauaji hayo. Miaka saba baadaye mama huyo huyo aliongoza mkutano wa wanawake duniani mjini Beijing.

Dhahabu na tindikali

Upande wa Geita una sura yake. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa miaka ya 1960, na kwa muda dhahabu ikabaki kuwa kazi ya wachache. Miaka ya 1980 na 1990 wachimbaji wadogo walimiminika. Mwaka 2000 ukafunguliwa Mgodi wa Dhahabu Geita, mwaka 2001 Bulyanhulu, na mwaka 2012 Geita ikawa mkoa.

Pamoja na fedha zilikuja kemikali. Zebaki huchomwa ili ibaki dhahabu. Sayanaidi hutumiwa kwenye mialo ya kuchenjua marudio, yaani mchanga uliobaki baada ya uchenjuaji wa kwanza, na huendana na chokaa nyingi ili maji yasiwe na tindikali. Tindikali yenyewe hutumiwa kusafisha dhahabu. Chokaa ikiingia jichoni ni hatari kuliko wengi wanavyofikiri, kwa sababu huendelea kuzama ndani ya nyama kwa saa nyingi, wakati tindikali huganda juu. Zote mbili huacha makovu yanayovuta kope, na tindikali imetumiwa pia kwa makusudi, katika ugomvi wa mapenzi na wa biashara, Tanzania Bara na Zanzibar. Sheria ya mwaka 2003 iliweka usimamizi wa kemikali chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na inamtaka anayeziuza na kuzitumia asajiliwe.

Kwenye machimbo bahati nayo hutafutwa kwa mganga. Ramli zile zile zilizowataja bibi wenye macho mekundu ndizo zilizochochea mauaji ya watu wenye ualbino kuanzia mwaka 2007, Kanda ya Ziwa ikiathirika kuliko kwingine. Mwaka 2013 Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilihesabu watu 765 waliouawa nchini kwa imani za uchawi, wengi wao wanawake. Januari 2015 serikali ikapiga marufuku wapiga ramli chonganishi.

Miti, majiko na kisu

Hatua ambayo mimi naiona ya maana kuliko misako yote ilianza kimya mwaka 1986, ulipozinduliwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Wataalamu waliacha kupanda miti ya kigeni pekee wakarudi kwenye ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho yapumzike hadi kiangazi. Ngitili zilifikia zaidi ya hekta 300,000. Kuni zilirudi karibu na nyumba, katika nchi iliyokuwa imeanza kuitwa jangwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 HelpAge International na vikundi vya wazee vya Usukumani walilishika tatizo kwa mikono miwili. Walizungumza na waganga, sungusungu, wachungaji na vijana, wakasaidia wajane kuandika wosia na kulinda mashamba, wakawafundisha wanawake kujenga majiko banifu yanayotoa moshi kidogo. Mtu alisimama mbele ya mkutano wa kijiji akasema wazi: macho haya ni ya moshi. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034.

Kope iliyokwisha kugeuka, hata hivyo, hairudishwi na jiko. Inataka upasuaji, na upasuaji wenyewe ni ule wa Wolfe ulioboreshwa. Kama kioo cha jicho kiko salama, daktari husubiri kovu likomae, kwa kawaida miezi sita hivi, huku mgonjwa akitumia mafuta ya macho na kulikanda kovu. Kama kioo kiko hatarini hasubiri. Sindano ya ganzi hutosha kwa mtu mzima. Kovu hukatwa hadi kope iachie yenyewe na kurudi jichoni. Pengo huzibwa kwa ngozi kamili kutoka kope ya juu, nyuma ya sikio au juu ya mtulinga, kwa sababu ngozi kamili hujivuta kidogo kuliko ile iliyochunwa nyembamba. Kope iliyolegea kwa uzee hukazwa pembeni mwa jicho. Bandeji hukandamiza siku kadhaa, na mara nyingine kope mbili hushonwa pamoja kwa muda ili kovu jipya lisije likashinda.

Ukiwa na bibi, mama au jirani ambaye kope yake imegeuka na jicho linachuruzika, mpeleke kliniki ya macho ya hospitali ya wilaya au ya mkoa. Wakishindwa watampa rufaa Bugando. Tindikali au chokaa ikimwingia mtu jichoni, mmwagie maji safi mengi papo hapo kwa nusu saa, kabla ya kutafuta gari. Na ukimsikia mtu akisema fulani ana macho ya kichawi, usinyamaze. Mwambie chanzo chake mbele ya watu, kisha katoe taarifa kwa mtendaji wa kijiji na polisi siku hiyo hiyo.